Walikuita Sababu Isiyozuilika

Mama Kabula,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Yako naijua, na yangu ukiisikia utacheka, kwa hiyo hapo tupapite.

Nakuandikia kwa kalamu ya mwanao niliyoichukua bila ruhusa. Mwandiko ni ule ule wa darasa la nne, unapanda mlima na kushuka, wewe ulikuwa ukisema herufi zangu zimelewa. Soma hivyo hivyo. Huna kazi nyingine.

Nimechelewa kuandika kwa sababu nilikuwa nimekukasirikia. Mtu hasafiri namna ile, Veneranda. Asubuhi umenigombeza vizuri kabisa kuhusu chumvi kwenye mchuzi, mchana umesema kifua kinabana, tumekupeleka hospitali ukitembea kwa miguu yako mwenyewe, na pale kwenye benchi ukamsalimia kila mgonjwa kama mtu anayegombea udiwani. Halafu daktari akatoka akaniita pembeni. Mimi tangu lini naitwa pembeni? Nilijua kabla hajafungua mdomo. Nilimwambia, "Usiseme, daktari, ngoja kwanza nikae." Akangoja. Alikuwa kijana mzuri. Nikakaa, akasema.

Tulikuzika Bujora kwenye shamba la baba yangu, upande wa mihogo. Najua ulitaka kulala karibu na maji, Wakerewe hamwezi kulala bila kusikia ziwa linakoroma. Lakini ukisimama juu ya lile jabali siku ya jua, ziwa unaliona kule chini linang'aa kama bati jipya. Jitahidi kusimama.

Haya. Sikukuandikia kwa ajili ya mazishi, kwenye mazishi ulikuwepo. Nimekuandikia kuhusu mwanao na wale wanafunzi wake wa kwenye kompyuta. Yametokea mambo, na wewe ndiye uliyeyaanza ukaondoka.

Unakumbuka alivyokuja kutuambia amepata kazi ya kufundisha chuo kikuu? Wewe ukaanza kulia ukidhani anahama, mimi nikaanza kuwaza chumba chake nitakipangisha kwa nani. Kumbe chuo chenyewe hakina mlango. Kimo ndani ya kompyuta, na mwalimu anafundishia sebuleni kwetu hapa Mkolani, kitenge kiunoni na shati la ofisini juu. Wanafunzi wengine wako Bukoba, wengine Tarime, wengine hapo ng'ambo Sengerema, na hawajawahi kuonana hata siku moja. Nikamuuliza anafundisha nini, akasema maendeleo ya jamii. Nikamuuliza hiyo jamii iko wapi. Ulinikanyaga mguu.

Wiki zile za kwanza alikuwa anatoka pale mezani amenyong'onyea kama kuku wa mvua. Alisema, "Mama, nafundisha nukta." Kumbe wale watu walikuwa wanazima kamera zao kwa sababu kamera inakula bando, na bando nani ana nalo la kuchezea. Kwa hiyo yeye anaona viduara tu, kila kiduara na herufi yake. Anauliza, "Mmeelewa?" Viduara kimya. Anatoa utani, viduara kimya. Mimi nikamwambia hiyo ni kazi ya katekista anayehubiri makaburini. Safari hii ulinikanyaga miguu yote miwili.

Na wewe siku iliyofuata ukachukua ungo wako wa dagaa, ukavuta kigoda, ukakaa mbele yake nyuma ya kompyuta. Ukasema, "Nifundishe mimi. Hao watasikiliza."

Nilikuwa nakaa pale mlangoni najifanya natengeneza baiskeli, lakini nilikuwa nawatazama. Huna habari ulivyokuwa unapendeza. Unachambua dagaa, unatoa mchanga na vijiti, huku unamkazia macho mwanao kama unasikiliza kesi ya ng'ombe. Ukikunja uso, anarudi nyuma na kueleza upya. Ukitikisa kichwa, anasonga mbele. Ukisinzia, anatafuta mfano wa shamba. Siku moja alisema neno refu la Kizungu, wewe ukasimamisha mkono juu ya ungo, dagaa mmoja kati ya vidole, akaacha lile neno akatafuta la Kiswahili mpaka akalipata. Wale wanafunzi wakaanza kumwandikia, "Mwalimu, wewe unajua tulipokwama hata kabla hatujasema." Alikuwa anatusomea wakati wa kula. Nikasema waambie ni uso wa Mkerewe. Mkacheka mpaka ugali ukapoa.

Halafu lile la kuitika. Unalikumbuka? Wanafunzi walikuwa wanamwandikia maswali kwenye simu, yeye anayaacha. Si kwa ubaya, alikuwa anasema anangoja apate jibu kamili. Siku ya tatu mtu bado anangoja jibu kamili. Ulichukia. Ulimwambia, "Mimi nilikulea wapi? Ukiitwa unasema nini?" Kabula, mtu mzima, mwenye shahada ya pili, akasema kwa sauti ndogo, "Abee." Ukamwambia, "Abee kwanza. Hata kama uko chooni, abee. Mengine baadaye." Tangu siku ile akawa anaandika: nimekuona, fulani, nitakujibu kesho mchana. Na kesho mchana anajibu. Jambo dogo sana, lakini mtu aliyeitikiwa analala usingizi.

Na alipozidisha, akawa anajibu mpaka saa za wachawi, ukamkemea tena. Ulisema usiku mtu haitiki jina lake hovyo, hujui nani anaita, ngoja kuche. Akaandika kabisa kwenye kundi la darasa kwamba baada ya saa mbili usiku hajibu mtu. Wanafunzi wakakubali. Hawakujua sababu ni majini ya Ukerewe.

Sasa sikiliza alichofanya ulipoondoka.

Siku ile ya msiba nyumba imejaa watu, kina mama wanapika nje, mimi nimekaa kwenye mkeka nasalimiwa, nikamwona kwenye kona na simu. Nikamuuliza, "Umewaambia wanafunzi wako?" Akanionyesha. Nilisoma polepole, unajua kusoma kwangu. Iliandikwa: Kutokana na sababu isiyozuilika, vipindi vya wiki hii vimeahirishwa. Wanafunzi wanaagizwa kuendelea na kazi zao kama zilivyopangwa.

Sababu isiyozuilika.

Ndiyo wewe huyo, Veneranda. Nimekaa na wewe tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na kwamba hukuzuilika sibishi hata kidogo, mashahidi wapo mpaka kwenu Nansio. Lakini si jina ulilobatizwa. Nikamwambia, "Mama yako amekuwa kukatika kwa umeme?" Akasema, "Baba, kazini hatuchanganyi mambo. Wale ni wanafunzi, si ndugu. Nikiwaambia watanionea huruma, na nikionewa huruma nitashindwa kufundisha." Kulikuwa na watu, na macho yake yalikuwa mekundu, na mimi mwenyewe sikuwa na nguvu ya kugombana bila wewe wa kunikanyaga.

Wiki ile ikapita, watu wakaondoka na masufuria yao. Akarudi mezani.

Sijui nikuelezee vipi. Alikuwa anafundisha, midomo inacheza, sauti inatoka, lakini ni kama yule mtu wa redioni anayesoma bei za pamba. Mbele yake kigoda kitupu. Kila mara macho yanakwenda pale, yanagonga ukuta, yanarudi kwenye karatasi. Akamaliza kipindi kabla ya muda, hakuuliza kama wameelewa. Siku zilizofuata ni hivyo hivyo. Simu akawa anailaza kifudifudi. Inatetemeka juu ya meza, inajisogeza yenyewe kama kaa, naye haiangalii. Na akiandika kwenye kundi anaandika kama askari wa barabarani. Mwisho wa kazi ni Ijumaa. Atakayechelewa asinitafute. Maswali yote yamejibiwa kwenye mwongozo. Mimi nilijaribu kukaa kwenye kile kigoda chako, nikamtumbulia macho. Akasema nampotezea umakini, na kwamba nanuka grisi. Yote mawili kweli.

Siku moja akapigiwa na mkuu wa idara yake. Nilimsikia anasema ndiyo, ndiyo, nimeelewa. Alipokata simu akaniambia kwa ufupi sana, kama anayeeleza ajali ya mtu mwingine, kwamba wanafunzi wameandika barua ya malalamiko. Wanasema mwalimu amebadilika, hajibu, anawakaripia, kazi zao zinakaa bila kusomwa. Mkataba wake unaisha mwisho wa muhula, na hali ikiwa hivi hautaongezwa. Nikamwambia basi waeleze. Akasema, "Nieleze nini?" na akaingia kuoga.

Na wakati yuko bafuni ndipo simu ikalia. Nikaipokea. Najua, najua. Lakini ilikuwa inakaribia kuanguka mezani.

Ilikuwa sauti ya mwanamke, ya adabu. "Shikamoo. Naomba kuongea na Mwalimu Kabula." Nikasema, "Marahaba, Mwalimu anaoga, labda unieleze mimi, sabuni imemwingia machoni." Akacheka kidogo kisha akaacha kucheka. Akasema anaitwa Modesta, yuko Sengerema, anauza duka la dawa, na anasomea pale pale nyuma ya kaunta wateja wakipungua. Anaandika utafiti wake wa kumalizia chuo, kuhusu kwa nini akina mama wananunua dawa za watoto bila kwanza kwenda kupima. Alishamtumia Mwalimu ile kazi. Akamwita. Akamwita tena. Muda wa kukabidhi unakaribia na hajui kama yuko njiani au yuko porini. Akasema, "Mzee, naomba umwambie nashukuru kwa yote. Nimeamua kuacha chuo. Kama kuna mahali nilimkosea, anisamehe, maana zamani alikuwa anaitika."

Zamani alikuwa anaitika.

Nilitaka kumwambia pale pale. Ulimi ulishaanza kutoka. Lakini nikaona msiba wako haufai kupitishwa kwenye simu ya kuiba, na mwenye kuusema akiwa amejifunga taulo chumba cha pili. Nikamwambia, "Binti yangu, usiache leo. Kesho jioni ana kipindi. Ingia kesho, ukiona bado, acha keshokutwa, chuo hakina mlango, hutazuiliwa kutoka." Akakubali. Nafikiri alikubali ili mzee amwache aende.

Kesho yake nikaoga. Usishangae. Nikavaa koti langu lile la mazishi, ambalo kusema kweli ndilo la harusi, ndilo la kila kitu. Nikavaa na soksi. Maana msiba hautangazwi na mtu aliyevaa fulana. Kabula yuko mezani anasoma karatasi yake, na somo la siku hiyo, ningekuwa natunga nisingepata zuri zaidi, lilikuwa ushirikishwaji wa jamii. Anawaambia viduara kwamba jamii isiposhirikishwa mradi unakufa. Nikazunguka, nikasimama nyuma yake, nikainama mpaka nikajiona kwenye kile kioo: uso wangu mkubwa kama boga, na pembeni viduara.

Kabula akasema, "Baba!" Nikamwekea mkono begani. Nikatangaza kama inavyotangazwa.

Nilisema: "Tumsifu Yesu Kristu, na habari za jioni. Mimi ni baba wa mwalimu wenu. Nawaletea taarifa ya msiba ambayo mlipaswa kuwa nayo siku nyingi. Mke wangu Veneranda, mzaliwa wa Ukerewe, aliyeolewa Usukumani kwa bahati mbaya, mama wa huyu mwalimu wenu, alishikwa na kifua mchana, na kabla jua halijazama akawa ametutoka. Tumemzika Bujora. Hakufa na neno la mtu moyoni, kila mtu alipewa lake akiwa hai. Vile vipindi vilivyoahirishwa, sababu isiyozuilika ilikuwa yeye. Na kama mwalimu wenu amekuwa mkali, ni kwa kuwa ameketi peke yake. Nimemaliza."

Kimya, Mama Kabula. Kimya cha kisima. Nikaanza kufikiri labda kweli ni nukta tu, nimevaa soksi bure. Nikamuuliza Kabula, "Hawa watu wapo?" Yeye amefunika uso kwa viganja.

Halafu sauti moja ikasema, "Pole sana, Mwalimu." Sauti nyingine, ya mwanamume, "Pole, mzee. Poleni wote." Na vile viduara, kimoja kimoja, vikaanza kufunguka. Sijawahi kuona kitu kama kile. Palipokuwa na herufi pakatokea mtu. Mmoja yuko shambani, jembe begani. Mmoja amekaa juu ya pikipiki kijiweni, wenzake wanachungulia. Mama mmoja ananyonyesha na hata hakujifunika vizuri, nikatazama dari. Mmoja nyuma yake kuna mashelfu ya dawa mpaka juu, na amevaa koti jeupe, analia waziwazi, anapangusa pua kwa mkono wa lile koti. Akasema, "Mwalimu, mbona hukutuita? Sisi tulidhani umetuchoka." Ni yeye, Modesta. Bando lote la Kanda ya Ziwa liliungua jioni ile.

Natamani ningekuambia kwamba Kabula akainua uso akawakumbatia kwa macho. Hapana. Alifunga kompyuta kwa nguvu, pa! Akaniambia, "Baba, umeniaibisha," akaingia chumbani.

Hakusema na mimi jioni ile wala kesho yake. Nilipika mwenyewe. Ugali wangu unaujua, hata majogoo ya jirani yaliutazama kwanza. Nilimwekea mlangoni, akauchukua, akarudisha sahani tupu bila neno. Nikasema moyoni, mtu aliyekasirika kweli angeacha ule ugali.

Nikiwa nje naziba pancha akatoka na simu yake, akakaa kwenye ngazi. Akasema, "Nimesoma ujumbe wote." Nikasema enhe. Akasema, "Baba, mwanzoni nilidhani wananidai kazi zao. Wengi walikuwa wananiuliza tu kama ni mzima." Akanisomea mmoja: Mwalimu, sauti yako ya Jumanne haikuwa yako, unaumwa? Mwingine: Mwalimu, tumekukosea nini? Na Modesta, ujumbe juu ya ujumbe, wa kwanza mrefu, unaofuata mfupi, wa mwisho neno moja tu: Mwalimu. Kama mtu anayegonga mlango anaojua umefungwa. Kabula aliposoma huo alishindwa kuendelea, na hapo ndipo alipokulilia, Mama Kabula. Siku ya mazishi hakulia, alikuwa anagawa viti. Alikulilia pale kwenye ngazi, mbele ya baiskeli ya mtu, na mimi na mikono yangu ya grisi nikashindwa hata kumshika, nikamshikia simu.

Baadaye akanawa, akaanza kuitika. Mmoja mmoja, kwa sauti yake, si kwa kuandika. Anamtaja mtu jina kwanza. Anasema mama yangu amefariki, sikujua niwaambieje, nikawafungia mlango, na kazi yako nitaisoma siku fulani. Kuna ambaye Kabula alimwambia hasomi kazi yake wiki hii kwa sababu hana nguvu, ila wiki ijayo. Unajua walimjibu nini? Sawa, Mwalimu. Basi. Mtu anaweza kungoja muda mrefu sana akijua anangoja nini.

Mimi si msomi, na hao wenye vyuo hawataniuliza. Wangeniuliza ningewaambia hivi: mnaandika kama mlango wa ofisi. Mwanafunzi yuko Tarime kwenye chumba cha giza, na kitu pekee alichonacho cha kumwonyesha kwamba chuo kipo ni maneno yenu. Hakuoni ukitabasamu. Hakuoni umechoka. Ukimwandikia "atakayechelewa asinitafute", yeye hasikii mwalimu aliyefiwa, anasikia kofi. Mimi nikikutania wewe ana kwa ana unaniona jino, unajua ni utani, na bado ulikuwa unanikanyaga. Je, utani uliopita kwenye waya? Na ukimya ndio mbaya kuliko kofi, maana kila mtu anaujaza na dhambi zake mwenyewe. Modesta aliujaza na kosa ambalo hakulifanya.

Usidhani yote yamenyooka. Kuna mmoja aliandika kwamba walimu siku hizi wanafanya misiba kuwa visingizio. Kabula alimjibu kwa adabu, mimi nilitaka namba yake. Wawili watatu hawakurudi kabisa. Na yeye mwenyewe kuna siku anakwama katikati ya neno, anawaambia, "Naomba mnisubiri kidogo," nao wanasubiri. Barua ya malalamiko wanafunzi wameifuta wenyewe, lakini mkuu wa idara amesema mkataba watauangalia mwisho wa muhula, sio kabla. Kwa hiyo tuko hapo. Hujui, sijui.

Modesta naye hakusema anarudi, wala hakusema harudi. Alimjibu Kabula, "Asante kwa kuitika, Mwalimu, nitafikiria." Na kimya. Safari hii aliyekuwa anageuza geuza simu ni mwanao.

Ikafika arobaini yako. Kabula aliandika kwenye kundi, na safari hii alinisomea kabla hajatuma: Jumamosi ni misa ya arobaini ya mama yangu, Veneranda, nyumbani kwetu Bujora. Siku hiyo sitapatikana. Jumatatu saa kumi jioni tutaendelea tulipoishia. Nikamwambia, sasa hapo nimeelewa hata mimi.

Siku yenyewe watu walikuja kama kawaida ya upande wetu, na wengine kwa ajili ya pilau, tuseme ukweli. Kabula alisimama karibu na kaburi kupokea pole. Wanapita mashangazi, wanapita majirani wa Mkolani, wanapita watu wa jumuiya. Halafu wakapita wageni ambao hakuna anayewajua, wamevaa vizuri, viatu vina vumbi la safari. Kijana mmoja mrefu akashika mkono wa Kabula, akasema, "Pole, Mwalimu." Kabula alikuwa ameinamisha kichwa. Akakiinua polepole. Akasema, "Daudi? Daudi wa Bunda?" Hakuwa amemtambua kwa sura, jioni ile ya koti langu Kabula alikuwa ameufunika uso wake. Alimtambua kwa sauti! Wa nyuma yake akasema pole, Kabula akataja jina. Mwingine pole, akataja jina. Mashangazi wakaanza kunong'ona kwamba binti amepata uaguzi. Na wenyewe kwa wenyewe, wale wanafunzi, wakawa wanageukiana, "Kumbe wewe ndiye fulani? Mbona mfupi hivyo?" Pale pale kaburini kwako. Nikajua usingekasirika.

Wa mwisho alikuwa mwanamke mnene mwenye mfuko mkononi, amevuka maji asubuhi kutoka Sengerema. Huyo hakusema kitu. Alisimama tu mbele ya Kabula. Na Kabula hana sauti ya kumtambulia. Wakatazamana. Kabula akasema, "Modesta." Tena kwa mnong'ono kama anayeita mtoto aliyelala. Yule mama akajibu, "Abee, Mwalimu."

Sitakueleza yaliyofuata, yalikuwa ya machozi na mimi nilienda kuangalia kuni.

Niliporudi watu wanakula, nikawakosa wale wawili. Nikawatafuta. Walikuwa wamekaa kwenye mkeka kando yako, sahani zao hazijaguswa, Modesta ameshika simu yake na Kabula ameinama juu yake na kidole. Namsikia anasema, "Hapa swali lako ni kubwa mno, utazeeka nalo. Anza na wale mama waliokuja dukani kwako." Modesta anakunja uso. Kabula akamtazama ule uso, akaanza kueleza upya.

Nikasimama pale, Veneranda, kofia mkononi, sikuwa na utani hata mmoja.

Modesta anakabidhi kazi yake muhula huu. Kabula anasema ikipita, atavaa joho. Mahafali yao hayako kwenye kompyuta, wanakusanyika ukumbini kama watu. Nami nakuahidi nitakwenda, nitavaa viatu vya kubana, nitakaa mstari wa mbele na sitasinzia. Na jina la Modesta likisomwa nitapiga kigelegele mimi mwenyewe, mwanamume mzima, mbele ya maprofesa, maana mpigaji wa nyumba hii amelala.

Jifunike vizuri, mvua zimeanza kutoka upande wa kwenu. Usinisubiri macho. Unajua mimi huwa nachelewa.

Ni mimi wako, mwenye herufi zilizolewa,
Baba Kabula
Mkolani